Mjumbe wa Darini

Mke wangu ameishi Tukuyu miaka yote hii bila kutaja mvua. Anayeijua Tukuyu ataelewa ukubwa wa jambo hilo, maana kwetu shati huanikwa Pasaka likakauka Krismasi, na nimewahi kuona uyoga umeota juu ya kofia ambayo mwenyewe alikuwa bado ameivaa. Lakini jina la baba yangu linakaribiana na neno la mvua kwa Kinyakyusa, na mkamwana aliyefundwa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote lenye undugu nalo. Kwa hiyo yeye husema "yale ya juu". Yale ya juu yamekuja, anua nguo. Wageni walidhani anazungumzia malaika.

Jina lilikuwa sehemu ndogo tu ya heshima yenyewe. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapishani mlangoni. Akiwa njiani akamwona mzee anakuja, anaingia migombani na kungoja apite. Hakuna ugomvi hapo, wala woga. Ni heshima, na mke wangu alikuja nayo kutoka kwao Kisondela pamoja na mikeka na vyungu vyake. Mchungaji alikwisha kutangaza kanisani kwamba Mkristo halazimiki tena kukimbiana na mkwe. Mke wangu, ambaye alikuwa nguzo ya sauti ya kwanza kwenye kwaya, alimsikiliza mchungaji kwa unyenyekevu wote, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje, akamwona baba yangu amesimama na wazee wenzake, akaingia migombani.

Sasa fikiria baba huyo analetwa kuishi kwetu, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili.

Kilichomleta ni mguu. Alikuwa akipalilia chai yake Masukulu, jembe likamkata muundi, na kidonda kikakataa kupona. Hospitali ya mjini walitaka kukisafisha na kukifunga kila asubuhi. Mara ya kwanza alikaa kwetu siku chache tu akarudi shamba kabla ya wakati, kwa sababu, alisema, hakuweza kuvumilia kumgeuza mtoto wa watu kuwa panya, anachungulia kwanza ndipo akatize nyumbani kwake mwenyewe. Huko shamba akakanyaga tope, na wewe unalijua tope la Masukulu, linaweza kummeza ng'ombe likabakiza pembe. Aliporudi hospitali mguu ulikuwa umevimba kama mgomba. Daktari akaniambia mbele yake, bila kuzunguka, "Mguu huu ukitoka hapa mjini kabla kidonda hakijafunga, safari ijayo tutaukata."

"Umesikia, baba?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Lakini mguu ni wangu, na mkamwana ni wa watu."

Hapo ndipo tulipokuwa. Akikaa, mguu unapona. Akiondoka, unakatwa. Na cha kumwondoa hakikuwa njaa wala baridi, ilikuwa ni aibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa na kila mtu amekuwa mfanyabiashara hata kama anauza njiti za kibiriti moja moja. Mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba, na makoti kidogo, pale sokoni, na jioni nasoma. Darasa letu lilikuwa la watu wazima, kwenye shule ya msingi tuliyoazimwa, tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa masikio. Tulikuwa wauza ndizi, makarani wa chai, fundi baiskeli na mama mmoja mpika maandazi aliyelipia maswali magumu kwa kutulisha. Nilisoma kwa pupa. Nilikuwa nikijifunza jambo saa kumi na mbili, saa mbili nimeshawafundisha majirani, wapende wasipende.

Baba tulimtandikia kitanda chumba cha mbele, mguu umelazwa juu ya furushi la makoti ambayo hayajapata wateja, fimbo yake ubavuni. Kati ya vyumba tuliweka pazia la mitumba lenye picha za swala wenye pembe kama matawi. Mke wangu alitumia mlango wa nyuma. Chakula alikiweka kwenye kigoda nyuma ya pazia, mimi nakiingiza. Asubuhi nilimpeleka baba hospitali kwa baiskeli, nikamrudisha, nikaenda sokoni. Na hapo kukabaki nyumba ya kimya, mzee mbele, mkamwana nyuma, na swala katikati.

Mtu aliyelala chali siku nzima hana pa kutazama ila juu. Jioni moja narudi kutoka darasani namkuta baba amekaza macho darini.

"Mwanangu," akasema, "yule anashikilia nini?"

Nikatazama. Juu ya mbao za dari alikuwepo buibui, wale bapa wa ukutani wanaotandaza miguu pembeni kama wamekanyagwa na gari wakapona. Alikuwa mkubwa kama kiganja cha fundi seremala, na sipunguzi kitu. Amekaa kichwa chini miguu juu, ametulia, kama vile dunia ndiyo iliyopinduka na yeye peke yake amebaki sawa.

"Ana gundi miguuni," nikajibu mara moja. Msomi hangoji.

"Gundi?" Baba akanitazama kama anavyotazama bei ya chumvi. "Nimemwangalia tangu asubuhi. Mende alipopita amemrukia kabla sijapepesa jicho. Ukipaka miguu gundi utakimbia hivyo? Jaribu kesho uende sokoni."

"Basi ana uzi. Amejifunga."

"Uzi uko wapi?"

Uzi haukuwepo. Nikasikia nyuma ya pazia mtu anacheka kwa pua.

Nilijua walivyoanza kupelekeana maneno kwa sababu ya mvua. Siku hiyo ilishuka ya kufuta soko, viatu vyangu vikaogelea mpaka upande wa wauza dagaa, nikafunga mapema. Nimefika nyumbani, najikung'uta barazani, nikasikia sauti ya baba ndani.

"Wewe uliye huko juu," alikuwa anasema, "bahati yako. Wewe fimbo yako ikianguka utaifuata hata chini ya kitanda. Kuna wengine hatuwezi."

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, kutoka nyuma, imetulia kabisa, kama mtu anayezungumza na kuku.

"Wewe buibui, mwambie mzee wako ageukie ukutani."

Nikasikia kitanda kinalia. Baba anageuka. Pazia likavutwa, nyayo tatu nne, kitu kikaburutwa sakafuni, nyayo zikarudi, pazia likafungwa.

"Buibui," akasema baba akiwa bado ameelekea ukuta, "mwambie mwenye jiko, ndaga fijo." Yaani asante sana, kwa lugha yetu.

Nilisimama pale barazani maji yakinitiririka mgongoni, nikaona aibu kuingia. Ilikuwa kama kufika kanisani katikati ya sala.

Tangu siku hiyo nyumba ikapata mdomo. Hawakusemeshana, usije ukasema nilisema walisemeshana. Kila mmoja alisema na buibui. Buibui alikuwa mjumbe kuliko hata yule mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye ukimpa ujumbe ulifika umeongezwa chumvi.

"Buibui, mwambie mwenye jiko uji wa leo umesahau chumvi."

"Buibui, mwambie mzee chumvi imekatazwa na daktari, siyo jiko."

"Buibui, muulize huyo daktari anakula kwa nani."

"Buibui, mwambie mzee akimaliza maneno uji utakuwa umepoa, na wa kuupasha hayupo."

Na baba alikula. Mtu aliyekuwa akiacha nusu bakuli kwa aibu sasa anakwangua. Rangi ikamrudia. Muuguzi akaniambia kingo za kidonda zimeanza kukaribiana.

Wakiwa hawana la nyumbani, walizungumza habari za mjumbe mwenyewe. Lile swali la baba lilikuwa limewaingia wote wawili. Anashikilia nini? Mke wangu alikuwa na jibu lake. "Buibui, mwambie mzee una kucha. Nimekuta buibui kwenye beseni la kuogea anahangaika tangu alfajiri, anapanda anateleza, anapanda anateleza. Ukutani kuna vishimo vya kushika, kwenye beseni hakuna. Ni kucha." Baba akafikiri siku nzima, akajibu kwamba hoja ni nzito. Mimi na gundi yangu tulikwisha kuondolewa kwenye mashindano.

Nikalipeleka swali darasani. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa kijana, mchana anafundisha sekondari, jioni anatuvumilia sisi. Akasema, "Mzee wa viatu, niletee gamba." Kumbe buibui akikua huvua ngozi yote, mpaka soksi za miguu, anaiacha ikining'inia kama nguo kwenye msumari. Mke wangu alilipata moja akifagia nyuma ya kabati, akanifungia kwenye karatasi ya majani ya chai, nikalibeba kifuani kama yai. Mwalimu akaahidi kuazima hadubini ya shuleni kwake, lakini ililazimu kungoja wanafunzi wa mchana wamalize mitihani.

Tulipokuwa tunangoja hadubini, ikaja rangi.

Mwenye nyumba wetu alikuwa amefunguka macho na biashara huria. Maduka yaliyokuwa yakiuza kibiriti na pole sasa yalijaa makopo ya rangi za kila namna, naye akaamua nyumba zake ziache chokaa, zipakwe rangi ya mafuta, ya samawati, inayong'aa. Mafundi wakaja asubuhi na mifagio mirefu. Baba alitolewa barazani akafunikwa makoti manne. Jioni nilipomrudisha ndani, niliona uso wangu ukutani. Sisemi kivuli, nasema uso. Ningeweza kunyolea ndevu pale. Chumba kilikuwa kama ndani ya bakuli la kauri. Dari nayo imepakwa. Na mjumbe hayupo.

Baba alitazama juu muda mrefu. Akanyoosha mkono akapitisha kiganja ukutani, kikateleza.

"Hawezi kurudi hapa," akasema.

Jioni hiyo uji ukapoa. Asubuhi fimbo ilianguka, na nilipotoka kuchota maji nikarudi, niliikuta pale pale sakafuni, na baba anaitazama. Nyuma ya pazia mke wangu amesimama na mwiko mkononi, hana mjumbe wa kumtuma.

Nilijaribu kuokoa hali kwa elimu yangu yote. "Baba, semeni na kalenda basi." Kulikuwa na kalenda mlangoni, picha ya mlima.

"Kalenda inasikia?"

"Na buibui alikuwa anasikia?"

"Alikuwa hai," baba akasema. "Mwenye uhai akiwa katikati, mimi sijamsemesha mkamwana. Nikisema na karatasi, nimemsemesha yeye, na karatasi ni uongo wangu. Unanifundisha uongo uzeeni?"

Nikapendekeza kuku. Nikapendekeza redio. Mke wangu akaniambia jikoni, taratibu, nyamaza.

Katikati ya juma baba akanituma nikaulize gari. Kulikuwa na pikapu iliyobeba ndizi, Jumamosi mchana ingeshuka Masukulu. "Kidonda kimebaki kidogo," akasema. Kilikuwa kimebaki upana wa sarafu, na daktari alishasema kidogo ndicho kinachoua mguu. Nilimwambia. Akanisikiliza kwa heshima ile ile ambayo mke wangu alimsikilizia mchungaji.

Hadubini ilikuja Ijumaa. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida ya umeme, tukawasha karabai, na mwalimu akaelekeza kioo kidogo cha chini mpaka kikashika mwanga. Akakata ncha ya mguu mmoja kwenye lile gamba, akaiweka, akazungusha vitufe, akasema, "Mzee wa viatu, wewe kwanza, ni wa kwenu huyu."

Nikainama.

Nimeona mambo. Nimeuona Mlima Rungwe ukitoka mawinguni asubuhi kama umeumbwa dakika ile. Lakini sijawahi kuona kitu kama ule mguu. Kwanza kulikuwa na kucha mbili, nikasema moyoni mke wangu ameshinda. Kisha chini ya kucha nikaona ufagio. Ufagio kamili, mnene, nywele kwa nywele, zimejipanga kwa unadhifu ambao msusi yeyote wa mjini angeacha kazi kwa wivu.

"Umeona brashi?" mwalimu akauliza. "Sasa kila unywele unaouona, ubavuni na nchani umechanua nywele nyingine. Hizo hadubini yetu hii haizifikii. Na nywele hizo ncha zake zimetandazwa kama vipepeo vidogo vya kupepea moto. Kwenye mguu mmoja hazihesabiki."

"Na gundi iko wapi, mwalimu?"

"Hakuna gundi."

"Kwa hiyo zinashika nini?"

Mwalimu akaniambia niweke kiganja changu ubaoni. Nikaweka. "Unadhani umegusa ubao. Hujagusa. Kiganja chako ni milima na mabonde, ni Rungwe nzima, na ubao nao vivyo hivyo. Vilele vichache tu vimekutana, kwingine kote ni hewa. Sasa zile ncha za buibui ni ndogo kiasi kwamba zinaingia kila bonde. Zinausogelea ukuta karibu, karibu, mpaka hakuna karibu zaidi ya hapo. Na vitu vyote duniani vikisogeleana kiasi hicho, vinavutana. Nguvu ya ncha moja si kitu. Za ncha zote pamoja zinambeba yeye na mende wake, na nafasi inabaki." Akaongeza kwa uaminifu kwamba wataalamu wenyewe walikuwa bado wanabishana, wengine wanasema kuna unyevu mwembamba unaosaidia. Miaka ya baadaye nimesoma kwamba ukaribu peke yake unatosha.

"Anabanduka vipi akitaka kukimbia?"

"Anaulaza mguu upande, nywele zinatoka kidogo kidogo, kama unavyobandua jani la mgomba lililolowa kwenye sinia. Ukilivuta lote kwa mpigo linagoma. Ukianzia pembeni, linakuja lenyewe."

Mama wa maandazi naye alishainama kwenye hadubini, hakuinuka mpaka tukamvuta. Alipoinuka alisema kitu kimoja tu. "Na mimi huwa nawapiga kwa ufagio."

Nikauliza swali langu la mwisho. "Mwalimu, ukuta ukipakwa rangi ya mafuta?"

"Ndiyo kwanza umemtandikia zulia."

Nilirudi nyumbani mbio, nikaanguka mara moja, daftari likaenda mtaroni, sikulijali, nilichokuwa nacho kilikuwa kichwani. Nikamweleza baba yote, na pazia likisikiliza. Milima na mabonde, brashi, ukaribu. Baba akauliza maswali ya maana. Mwisho akasema, "Maneno mazuri. Lakini mkono wangu uliteleza, na buibui wa kwenye beseni aliteleza. Kesho gari linakuja."

Jumamosi asubuhi nikatoka kuwinda. Nilitafuta kwenye mapaa, stoo, chooni, nikampata mmoja kwenye pembe ya jiko, mwenye miguu mirefu myembamba, amekaa kwenye utando wake kama mwenyekiti. Nikamleta kwa madaha. "Baba, tazama elimu." Nikamweka ukutani.

Alishuka kama tone la maji. Nikamrudisha. Akashuka tena, safari hii akaingia chini ya kitanda na hakuonekana tena.

Baba hakunicheka, na hilo ndilo liliniumiza. Alivuta mfuko wake wa nguo akaanza kukunja blanketi. Huko nje nikasikia honi ya pikapu kona ya barabara.

Ndipo mkono ukatoka kwenye pazia.

Mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa umeshika glasi yetu ya wageni, imefunikwa kwa kipande cha karatasi. Ndani ya glasi alikuwemo buibui bapa, wa kijivu, ametandaza miguu. Na sauti nyuma ya swala ikasema, si kwangu, si kwa baba, "Wewe buibui, waambie kwamba yule wa utando ni mfumaji, ana kucha tu za kutembelea nyuzi zake. Ndiye wa kwenye beseni. Wewe ni mwindaji. Brashi anayo anayekimbiza nyama kwenye kuta. Tangu alfajiri nimekutafuta nyuma ya kuni."

Hilo la wafumaji na wawindaji mwalimu hakuwa ameligusa, na nilipomuuliza baadaye akasema mke wangu amepatia karibu kabisa. Alilipata kwa kuyakumbuka maneno yangu na kulikumbuka beseni, akaunganisha. Mimi nilikuwa na maneno yote na beseni lote, nikaenda kukamata mwenyekiti.

Baba akanyoosha mkono. Akaipokea glasi kwenye vidole vya mkamwana wake bila kuvigusa, karatasi ikiwa katikati.

Buibui hakuwa kwenye kitako cha glasi. Alikuwa ubavuni, amesimama kwenye kioo kitupu, kioo ambacho hakina kishimo cha kuingiza hata wazo. Baba akaipinda glasi. Hakutikisika. Akaipindua kabisa, akaiinua juu mkabala na dirisha, na hapo tukamwona kutoka upande ambao hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwona buibui. Tulimwona nyayo. Kila mguu ulikuwa umeishia kwenye doa dogo jeusi, laini, lililolala juu ya kioo kama mahameli. Akanyanyua mmoja. Ulitoka taratibu, kwa ubavu. Akauweka mbele. Doa likatandaa.

"Hakuna kitu hapo," baba akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna alichoshika. Kioo hakina kitu."

"Amekaribia tu, baba," nikasema.

Honi ikapigwa tena. Hakuna aliyeisikia, au tuliisikia sote na hakuna aliyejali. Baba aliinuka mwenyewe, akajikongoja mpaka ukutani, akaupachika mdomo wa glasi kwenye ile rangi ya samawati, akavuta karatasi. Tukangoja. Mguu mmoja ukagusa rangi, ukapima. Wa pili. Kisha mnyama yule akapita kutoka kwenye kioo kwenda kwenye ukuta kama mtu anayetoka sebuleni kwenda barazani kwake, akapanda. Chini yake kivuli chake kilimfuata ndani ya rangi, unyayo kwa unyayo, kama buibui wawili waliogusana miguu. Akafika kwenye kona. Nilishika pumzi, maana pale ukuta unakwisha na inabidi kukabidhi mwili mzima kwa dari. Hakusita hata kidogo. Akavuka, akaenda mpaka katikati ya chumba, juu ya kitanda, akatulia, mgongo chini na dunia yote ikimvuta.

Nilikuwa nimesoma fizikia mpaka sura ya mvutano, nikajua kinachomvuta. Ni kile kile kinachovuta maporomoko yetu na mawe ya mlimani. Na anayekishinda ni unywele.

Baba alikaa kitandani, kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo.

"Buibui," akasema hatimaye. "Mwambie mwenye jiko gari liende."

Nyuma ya pazia mwiko ukagonga chungu. Halafu, "Buibui, mwambie mzee uji uko motoni. Na chumvi bado imekatazwa."

Nilitoka kumwambia dereva. Alilalamika kwamba amengoja bure, nikamwambia ndani kuna buibui, akanitazama, akawasha gari.

Kidonda kilifunga. Hakikuwa na haraka, kilifunga kwa mwendo wa huku kwetu, na mjumbe alifanya kazi yake mpaka mwisho, isipokuwa siku mbili alizopotea na kurudi na ngozi mpya, akapokewa kama mtu aliyetoka kupata kipaimara. Muuguzi alipofungua bandeji ya mwisho kulikuwa na ngozi changa, inang'aa kama ile rangi.

Asubuhi ya kuondoka, baba alisimama kwa miguu yake yote miwili katikati ya chumba, koti la mitumba mabegani. Bakuli lake lilikuwa tupu juu ya kigoda. Hakungoja kuambiwa. Aligeukia ukutani, ili mwenye jiko apate kuingia kulichukua, na wakati amesimama hivyo akaweka kiganja chake juu ya rangi, akakibana, akakiacha hapo.

Mke wangu aliingia. Akachukua bakuli. Kazi ya kuchukua bakuli huchukua muda mfupi sana, lakini yeye alibaki amesimama nyuma ya mgongo wa mzee, na bakuli mikononi, karibu kiasi kwamba angenyoosha kidole angeligusa koti.

Hakunyoosha. Baba naye hakugeuka.

"Buibui," baba akasema, "muulize mwenye jiko kama kule nje kunanyesha."

Mke wangu akatazama dirishani, kisha juu darini. "Buibui," akajibu, "mwambie mzee yale ya juu yametulia. Anaweza kutembea."

Akatembea.